Nungu wa Bahari Niliowaosha

Siku mliyoniaga mlinipa mbuzi, mkasahau kamba. Nilimvuta kwa mtandio wangu kutoka lango la chuo mpaka nyumbani, watu wa boda wa Mbarara wakinipigia honi, na yeye akila pindo la mtandio njia nzima. Asanteni hata hivyo. Scovia na Hamza, ninyi mnaoshika funguo za stoo ya vielelezo sasa, mliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Kusahau bado, wanangu. Ila lipo jambo moja ambalo ningefurahi kulisahau, na hilo ndilo nitawaandikia kwa kirefu. Vyeo na mishahara viko kwenye faili langu, na faili mnajua lilipo.

Niliingia chuoni kufagia. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Baba alikuwa askari, na sisi watoto wa kambini tulikua na Kiswahili kwa sababu kila nyumba ilikuwa na kabila lake na lazima tugombane kwa lugha moja. Kambini kulikuwa na ukaguzi. Afisa akikuta vumbi mlangoni kwenu, anayeaibika ni baba yako mbele ya wenzake. Kwa hiyo mama alitulea kwa ufagio: kwanza unasafisha, halafu ndipo unauliza ni kitu gani.

Siku ya kwanza wakanipeleka stoo. Harufu ya spiriti ilinipiga puani, macho yakanitoka machozi. Juu ya meza niliona madude meusi yenye miiba, nikadhani ni brashi za kusugulia sufuria zilizoungua. Nikanyoosha mkono.

"Wewe! Hapana shika!"

Nilikuwa nimeshashika. Aliyepiga kelele ni Mzee Byaruhanga, mtunza stoo wa wakati huo, mtu mfupi mwenye koti la kazi lililomfika magotini. Hakunitukana. Alinishika mkono, akamimina siki kwenye kikombe, akanizamishia kidole humo.

"Hii mwiba ni chokaa," akasema. "Hapana chokora na sindano, itavunjika ndani. Wacha siki ikule pole pole."

"Ni mnyama gani huyu, Mzee?"

"Nungu ya bahari."

"Na bahari yenyewe ikoje?"

"Sijui. Mimi pia sijaona." Akacheka mpaka akakohoa. "Miaka yote napangusa watoto wake, yeye mwenyewe sijaona."

Watu wa pwani wana majina yao kwa mnyama huyu. Sisi huku kwenye matoke na ng'ombe wa pembe ndefu tulimwita nungu, kwa sababu nungu wa porini tunamfahamu, anakula mihogo yetu. Kidole kilipona siku ya pili. Wiki iliyofuata Mzee aliniomba kwa wakubwa nibaki naye, akidai kwamba mfagiaji anayeuliza maswali ni hasara kumwacha kwenye korido.

Alinifundisha kwa vitu vichache: lenzi ya mkononi, kibano, mswaki laini wa mtoto, na penseli. Nungu ukimkausha miiba ikadondoka, anabaki na gamba la mviringo, na ukilihesabu utakuta kila kitu ni tano tano: mistari mitano ya vitundu, meno matano. Mdomo uko chini na choo kiko juu. Nilipocheka, Mzee alinikazia macho. "Hapana cheka. Wewe pia ni bomba tu, lakini bomba yako imelala vingine."

Wengi waliletwa na walimu waliokwenda mafunzoni pwani, ndani ya masanduku yaliyopanda basi siku mbili. Niliwajua mmoja mmoja. Diadema ni yule wa miiba mirefu kama sindano za kufumia, usimsalimie kwa mkono. Echinometra ni mdogo, anachimba mwamba na kujikalisha humo. Tripneustes ni mkubwa, wa miiba mifupi, na huyo ndiye nitakayemrudia. Mzee alikuwa akisoma vitabu vya chuo jioni kwa kidole, neno kwa neno, kisha ananieleza: kwamba kuna nchi ambako mayai ya nungu ni chakula cha matajiri, kwamba kuna samaki wanaokula nungu, na wavuvi wakiwamaliza samaki hao, nungu huzaana wakafyeka majani ya baharini, na majani yakiisha, samaki wengine hawana pa kutagia. "Kama sisi na mbuzi," alisema. "Ukiondoa chui, mbuzi itamaliza kilima." Alipostaafu alinikabidhi funguo na mswaki. Mswaki ulikuwa umechakaa, nikanunua mwingine.

Nilikaa na stoo ile miaka mingi, na nilijivuna, siwafichi. Wageni wakija, mkuu wa idara, ambaye sisi sote tulimwita Daktari tu, aliwaleta kwangu kwanza. Hakuna chupa iliyokuwa na vumbi. Nilikuwa naweza kumtambua nungu kwa kupapasa, macho nimefumba.

Ndipo akaja Furaha. Alikuwa binti Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mrefu, mkimya, aliyefika kambini mgongoni kwa mama yake na sasa anasoma chuo kwa ufadhili. Mama yake alikuwa akiuza samaki kandokando ya ziwa Tanganyika kabla ya vita, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye hadithi za maji. Daktari alipopeleka wanafunzi pwani, Furaha alihangaikiwa karatasi ya kusafiria miezi mingi, ikatoka siku mbili kabla ya basi kuondoka. Akaenda. Alikaa huko wiki kadhaa, akitembea juu ya mwamba maji yakipwa, na akarudi na chupa thelathini za mdomo mpana.

Ndani ya kila chupa alikuwemo Tripneustes mmoja, amefungwa bandeji. Sasa, huyu Tripneustes ana tabia yake: anajivisha. Anaokota majani, vipande vya gamba, changarawe za matumbawe, anavibeba mgongoni, wengine wanasema ni kwa ajili ya kujikinga na jua. Furaha alikuwa ameandika kwenye daftari kila nungu alivaa nini na alitoka wapi. Alikuwa amegundua kitu. Wale wa mahali palipohifadhiwa walivaa majani na matumbawe. Wale wa karibu na gati la wavuvi walivaa plastiki, nailoni na nyuzi za nyavu.

Haya yote aliniambia? La. Alimwambia Daktari. Mimi aliniachia chupa akasema, "Mama Hadija, naomba uniwekee vizuri," na mimi neno "vizuri" nililielewa kwa akili ya kambini.

Wiki tatu baadaye tukasikia kwamba mtahini kutoka chuo kingine anakuja, na kwamba atapenda kuona vielelezo vya wanafunzi. Nikazitazama chupa za Furaha. Spiriti ilikuwa chafu kama maji ya kufulia, na ndani yake matambara yenye matope, majani yaliyooza, vipande vya mfuko wa nailoni. Loo! Nilimwonea aibu yule mtoto. Nikajisemea, maskini, amefunga hivi kwa ajili ya safari, halafu masomo yamembana hajapata nafasi ya kuwasafisha. Acha nimsaidie, naye ni wa kambini kama mimi, ingawa kambi ni tofauti.

Nilifanya kazi siku mbili. Nilifungua bandeji moja moja, nikamsugua kila nungu kwa mswaki mpaka akang'aa, nikambadilishia spiriti, nikairudisha karatasi yake ya jina ndani. Uchafu wote niliutia kwenye ndoo, nikaupeleka shimo la taka, nikauchoma. Nilipomaliza nikazipanga chupa thelathini kwenye rafu ya mbele, nikasimama mbali kidogo kuzitazama. Wallahi, nilitabasamu.

Jumatatu Daktari akaja na daftari la Furaha, kulilinganisha na chupa kabla ya mgeni kufika. Furaha alikuwa nyuma yake. Daktari akasoma: "Namba kumi na saba. Nailoni, uzi wa wavu wa buluu, jani moja." Akainua chupa namba kumi na saba. Nungu alikuwa mtupu. Akasoma nyingine, akainua nyingine. Ilipofika chupa ya tano sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Furaha, hivi vitu viko wapi?"

"Vilikuwemo, Daktari. Nilibifunga na bandeji," akajibu, Kiswahili cha Kongo kikimponyoka.

"Bandeji gani? Sioni bandeji." Akanigeukia. "Mama Hadija, kuna mtu amegusa chupa hizi?"

Nilielewa hapo hapo nilichokifanya. Na hivi ndivyo nilivyojibu: "Stoo nafunga mwenyewe, Daktari. Hakuna mtu anaingia."

Sikusema uongo, na sikusema kweli. Furaha alinitazama, nami nikaanza kupangusa meza safi.

Basi Daktari akaandika barua. Mwanafunzi aeleze kwa nini maandishi yake hayafanani na vielelezo, na kama hana maelezo, kikao kitaamua kama alijitungia. Mnajua maana yake kwa mtu wa ufadhili. Kwa mtoto mwingine ni kurudia mwaka. Kwa Furaha ilikuwa kurudi Nakivale kulima maharage, na jina la mwongo juu yake.

Nilikaa kimya siku tisa. Nahesabu kwa sababu nilizihisi moja moja. Nilikuwa na visingizio vingi: karibu nastaafu, nina wajukuu, Daktari ataona mwenyewe, huenda mtahini ni mtu wa huruma. Ukweli ni kwamba stoo ile ndiyo ilikuwa jina langu mjini. Niliswali nikapoteza rakaa. Siku ya nne nikamwona Furaha kwenye ngazi, midomo imemkauka, nikapita njia nyingine. Ijumaa akaenda kwao Nakivale, Jumapili akarudi akiwa amekonda zaidi ya alivyoondoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilijua methali hiyo tangu utotoni na bado nilificha.

Siku ya kikao wakaniita nibebe chupa. Walikuwa watu wanne mezani, na Furaha kasimama mbele yao. Walizungumza Kiingereza, nami nawasimulia kwa Kiswahili changu. Mtahini alikuwa mzee mwenye miwani, si mkali, na hilo lilinitisha zaidi. Akamwambia Furaha kwa upole kabisa kwamba wanafunzi wengi hushindwa wakajaza pengo, na kwamba akikiri watamwonea huruma.

Furaha akasema, "Ndiyo, nakiri."

Banange! Nilidhani nimesikia vibaya. Mtoto anakubali! Anakubali kosa ambalo mimi nilichoma shimoni kwa kiberiti changu!

"Hapana," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, halafu kwa Kinyankore, sijui kwa nini, nadhani nilitaka hata ukuta uelewe. "Niliwaosha mimi. Wote thelathini. Bandeji nilizichoma. Huyu mtoto hakudanganya, aliyedanganya ni mimi, nilipoulizwa."

Daktari alivua miwani akaivaa tena. Mtahini akaniuliza, bila ubaya, kama ninaweza kuonyesha hivyo, maana mama anaweza kumhurumia binti akabeba mzigo usio wake. Swali lilikuwa la haki. Nami nikafikiria: nimesugua kwa nini? Kwa mswaki. Na mswaki ni mnene.

"Lete kibano," nikamwambia Daktari, mimi nikimtuma yeye. "Mswaki wangu haufiki kwenye shina la mwiba. Kama alivaa kitu, kidogo kimebaki."

Nikamtoa namba kumi na saba, nikamweka kwenye sahani nyeupe, nikashika lenzi. Nikaegemeza kiwiko mezani. Nilitafuta katikati ya miiba mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu nikakuta, chini kabisa, unyuzi wa buluu umejizungusha kwenye shina. Nikauvuta. Ulikuwa mfupi kuliko ukucha. Nikamwambia mtahini asome daftari, yeye mwenyewe, kwa sauti. Akasoma: nailoni, uzi wa wavu wa buluu, jani moja.

Tulifanya hivyo kwa chupa kumi na moja mpaka adhuhuri. Nane tulikuta kitu, na kila tulichokuta kilikuwa kimeandikwa. Tatu zilikuwa tupu, kwa sababu nilikuwa nimesugua kwa bidii. Mtahini akafunga daftari, akasimama, akampa Furaha mkono. Alimwambia sura ya vielelezo katika tasnifu yake aiandike upya, na mle aeleze kilichotokea stoo, wazi, bila kunitaja jina. Furaha alifaulu. Mimi nilipewa barua ya onyo, nayo imo kwenye faili, kaisomeni, imeandikwa vizuri.

Nilidhani Furaha atanikasirikia au atanishukuru. Hakufanya lolote. Alinisubiri nje ya jengo.

"Mama Hadija, utakuja na mimi kwetu," akasema. "Mama hataniamini kama nitasema mwenyewe."

"Kwani ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kweli. Akaniambia nikubali kosa."

Jumamosi tukapanda teksi, tukabadilishia Kaberebere, na kabla ya adhuhuri tukashuka Base Camp, katikati ya Nakivale, tukaenda kwa miguu mpaka kwao. Nyumba ilikuwa ya udongo, imefagiwa vizuri mpaka mlangoni. Mama yake alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Alipoona kitambulisho cha chuo shingoni mwangu, alisimama haraka, akaingia ndani kabla hata sijamsalimia, akatoka na mfuko wa plastiki. Akautandaza juu ya mkeka: karatasi ya kupokelea chakula, karatasi ya usajili, kadi ya kliniki, zote zimekunjwa safi. Alidhani nimekuja kukagua.

"Mama wa biro, karibu," akasema, yaani wa ofisi, akiinama. "Mutoto wangu alikosa. Mimi nilimwambia akubali. Na batu ya biro mutu hagombani nabo. Ukigomba, banakufungia karatasi, jina yako inapotea. Tumeona mingi. Mumusamehe, tafazali."

Furaha alisimama mlangoni. Nikakaa chini kwenye mkeka, ili yule mama aache kuinama.

"Mama Furaha," nikasema, "mimi si wa biro. Mimi ni mfagiaji. Na mtoto wako hakukosa. Aliyekosa ni mimi, nikanyamaza siku tisa."

Nikamweleza yote, kuanzia bandeji mpaka shimo la taka. Alisikiliza akiwa ameshika kadi ya kliniki. Nilipomaliza akaniambia nirudie.

Nikarudia. Akainuka, akaenda kwa jirani, akarudi na wanawake sita. Walikuwa wenzake wa maombi wa kanisa lake. Jumapili iliyopita alikuwa amesimama mbele yao akawaomba wamwombee binti yake aache uongo.

"Sema tena," akaniambia. "Basikie nabo."

Basi mimi, Mwislamu wa watu, na mtandio wangu kichwani, nikaungama mbele ya kikundi cha maombi cha Nakivale, kwa sauti, mara ya tatu. Mwanamke mmoja akasema "Pole yako, mama," na sijui kama alikuwa akinipa pole mimi au mwenye nyumba. Mwingine akamkumbatia Furaha. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, tukabaki watatu na ungo wa maharage.

Mama yake hakunitazama tena. Alimgeukia binti.

"Niliamini batu ya biro," akasema. "Sikukuamini weye, mutoto niliyekuzaa. Nisamehe, Furaha."

Furaha alikuja akakaa karibu naye. Muda wote ule, kwenye kikao, kwenye teksi, mbele ya wale wanawake, sikuwa nimemwona akitoa chozi, na hata wakati huo hakulia.

"Usiombe musamaha, Mama," akasema. "Hata mimi sikujiamini. Siku ya sita nilianza kujiuliza kama bile bintu nilibiona kweli."

Mimi ndiye niliyelia.